Kiwanda cha Fagus: jengo lililotokana na ugomvi wa kalibu za viatu

Mwishoni mwa 1910, katika mji mdogo wa Alfeld kando ya mto Leine, kusini mwa Hannover, meneja mmoja wa kiwanda aliyekwisha kuvuka miaka hamsini aliacha kazi. Aliitwa Carl Benscheidt. Kiwanda alichokiacha kilikuwa cha marehemu Carl Behrens, na alikuwa amekiendesha kwa miaka mingi. Aliyeshindwana naye ni mtoto wa marehemu. Mtu wa umri ule angetazamiwa apokee haki zake akapumzike. Benscheidt alitafuta kiwanja ng'ambo ya pili ya reli, uso kwa uso na mwajiri wake wa zamani, akaanza kujenga kiwanda cha bidhaa ileile, kalibu za kutengenezea viatu.

Jengo lililotokea hapo linaitwa Fagus, na tangu 2011 limo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Wanafunzi wa usanifu hulikuta mapema sana katika masomo yao, kwenye picha ya kona ya kioo isiyo na nguzo, na chini ya picha hiyo jina la msanifu Walter Gropius. Picha hiyo haisemi uongo, lakini inaficha mengi. Haimwonyeshi mteja aliyejua hasa anataka nini, wala fedha za Wamarekani, wala msanifu wa kwanza ambaye ramani zake ndizo zilizojengwa, wala aina ya kazi iliyolazimisha majengo yale yawe pale yalipo. Hoja yangu katika uchambuzi huu ni kwamba Fagus ni jengo la mteja kwa kiasi kilekile ambacho ni jengo la msanifu, na kwamba lililoliokoa hadi leo halihusiani sana na uzuri wake.

Kwanza bidhaa yenyewe, maana bila kuielewa jengo halieleweki. Fagus hakikushona viatu. Kilitengeneza kalibu: ule mguu wa mti ambao fundi huuvalisha ngozi, akaivuta na kuigongomea mpaka ishike umbo. Kazi yake kwa kiatu ni kama ya faroma kwa kofia, ila kalibu ya kiatu ina masharti makali zaidi, kwa sababu kofia ikikosea kidogo kichwa huvumilia, mguu hauvumilii. Kila saizi inataka kalibu yake, kila mtindo mpya unataka seti yake, na kila seti ina kulia na kushoto. Hilo la kulia na kushoto si la zamani kama tunavyodhani. Mpaka ndani ya karne ya 19 viatu vingi vilishonwa juu ya kalibu zilizonyooka, kimoja kikivaliwa mguu wowote, na mvaaji ndiye aliyekipa umbo kwa maumivu yake.

Benscheidt aliingia katika biashara hii kwa mlango wa afya. Ujanani aliwahi kuwa katika kituo cha tiba asilia cha Arnold Rikli huko Bled, mji ambao leo uko Slovenia, mahali ambapo wagonjwa waliagizwa jua, hewa na kutembea. Huko ndiko alikoanza kuwaza juu ya miguu na viatu vinavyoiharibu, na kalibu zake baadaye zilifuata umbo halisi la mguu. Nataja hili kwa sababu mtu aliyekulia kwenye imani ya jua na hewa hahitaji kushawishiwa sana na msanifu kijana anayemwambia kuwa wafanyakazi wanahitaji mwanga.

Mlango wa pili ni mashine. Kwa karne nyingi kalibu ilichongwa kwa mkono. Mwaka 1819 Mmarekani Thomas Blanchard alibuni kerezo la kunakili: gurudumu dogo linapapasa mfano, na kisu kinachofuata mwendo wa gurudumu hilo kinachonga umbo lilelile kwenye kipande kingine cha mti. Kerezo hilo lilikusudiwa vitako vya bunduki, lakini likafaa vilevile kwa kalibu za viatu. Kisha mwaka 1883 Jan Matzeliger, mzaliwa wa Paramaribo huko Suriname na kijana mweusi aliyefanya kazi katika viwanda vya Lynn, Massachusetts, alipata hataza ya mashine ya kuvuta ngozi juu ya kalibu. Fundi hodari wa mkono alimaliza jozi zipatazo hamsini kwa siku. Mashine yake ilipita mia na hamsini na kuendelea. Matzeliger alikufa 1889 kwa kifua kikuu akiwa bado hajafika miaka arobaini, na hataza zake baadaye zikaingia mikononi mwa United Shoe Machinery, kampuni kubwa iliyoundwa 1899 kwa kuunganisha washindani.

Kwa Benscheidt maana yake ilikuwa moja. Fundi wa mkono anaweza kuirekebisha kalibu mbovu kwa jicho lake, mashine haina jicho. Kadiri viwanda vya viatu vilivyojaa mashine, ndivyo vilivyotaka kalibu nyingi zaidi na zenye vipimo visivyotofautiana hata kidogo. Soko lilikuwa linapanuka, na yeye ndiye aliyelijua kuliko watu wengi wa Ujerumani. Akavuka bahari kwenda Marekani, akarudi na mtaji wa United Shoe Machinery. Kampuni hiyo ilikuwa na kiwanda chake Beverly, Massachusetts, kilichojengwa na mhandisi Ernest Ransome kati ya 1903 na 1906 kwa zege iliyotiwa chuma, chenye madirisha yaliyojaa karibu ukuta mzima kati ya nguzo na nguzo. Kwa hiyo wakati Wazungu wenye majina makubwa walikuwa bado wakijadili sura inayokifaa kiwanda, washirika wa Benscheidt walikuwa wakifanya kazi ndani ya jibu mojawapo.

Inafaa tusimame kidogo tuangalie kiwanda cha viatu kilifananaje kabla ya hapo. Mfano bora ni Northampton, Uingereza, wakati wa Malkia Victoria. Cherehani za kushonea ngozi zilipoingia mjini mwishoni mwa miaka ya 1850, washona viatu waligoma, maana walikuwa wamezoea kufanya kazi nyumbani, kila mtu na benchi lake, na waliona wazi kuwa mashine inawaita ndani ya ukuta wa tajiri. Hata hivyo mashine ilishinda polepole, na kazi nyingi ziliendelea kufanywa majumbani mpaka miaka ya 1890. Viwanda vilivyoota huko vilikuwa vya matofali mekundu, ghorofa tatu hivi, vimebanwa kwenye kona za mitaa ileile waliyokaa wafanyakazi. Nje ya mlango wa kiwanda kuna mlango wa nyumba. Mpangilio wa ndani ulifuata mwanga na uzito. Wakataji wa ngozi ya juu, ambao kosa lao moja hupoteza ngozi ya bei, waliwekwa ghorofa ya juu kabisa karibu na mwanga wa anga. Soli na mashine nzito zilikaa chini.

Viwanda vile vina heshima yake, na vingine bado vinafanya kazi: Crockett & Jones wako Perry Street hadi leo. Lakini kwa macho ya mwaka 1911 vilikuwa na kasoro mbili. Ukuta wa matofali ndio uliobeba jengo, kwa hiyo dirisha lilikuwa tundu tu ndani ya ukuta, na kila ukilipanua unaudhoofisha. Tena, uso wa mbele ulipambwa kama jumba la kifahari, matao na mabamba ya mawe, huku nyuma pakiachwa patupu kama ghala. Tajiri alionyesha mali yake barabarani, kazi yenyewe akaificha uani.

Benscheidt alianza kwa njia ya kawaida. Alimwita Eduard Werner, msanifu wa Hannover aliyefahamu vizuri majengo ya namna hii. Ndiye aliyekwisha kukijenga kiwanda cha Behrens ng'ambo ya reli. Werner alichora mpango wote: wapi magogo yaingie, wapi yapasuliwe, wapi yakaushwe, wapi yakerezwe, wapi mzigo utokee. Mpango huo ulipitishwa. Shida ya Benscheidt ilikuwa sura. Kama msanifu ni yuleyule na mtindo ni uleule, abiria wa treni angeona pande mbili za reli viwanda viwili vya ndugu, na mteja wa mbali asingejua kipi kipya na kipi cha zamani. Mtu anayeanza upya akiwa amekwisha kuzeeka hana muda wa kungoja jina lijijenge lenyewe.

Hapo ndipo Gropius alipoingia, na aliingia kwa barua ya kuomba kazi. Alikuwa na miaka 27, ametoka kuacha ofisi ya Peter Behrens mjini Berlin, hana jengo kubwa la kujivunia, na alikuwa akiwaandikia wenye viwanda huku na huku. Habari za Alfeld alizipata kwa shemeji yake Max Burchard, aliyekuwa mkuu wa wilaya hiyo. (Jina la Behrens linachanganya kweli katika kisa hiki: Carl mwenye kiwanda cha kalibu na Peter msanifu ni watu wawili tofauti.) Aprili 1911 Gropius alitoa mhadhara mjini Hagen juu ya sanaa na majengo ya viwanda, akisema kiwanda kinastahili heshima ya usanifu sawa na majengo mengine. Mwezi uliofuata akapewa kazi, pamoja na mshirika wake Adolf Meyer.

Mipaka ya kazi hiyo lazima isemwe wazi. Mpangilio wa Werner ulibaki, na Werner mwenyewe alibaki kwenye ujenzi. Gropius na Meyer walipewa nyuso za majengo, na baadaye mambo ya ndani. Meyer, kwa njia, ndiye aliyekuwa na mkono wa kuchora. Gropius alikuwa mdhaifu wa kalamu maisha yake yote, hakulificha hilo, na alifanya kazi zake kwa kuzungumza na mtu anayechora. Ukikuta kitabu kinachosema tu "Fagus ya Gropius", jua kwamba watu wawili wamefichwa nyuma ya jina moja.

Sasa jengo lenyewe. Jengo kuu lina ghorofa tatu na paa la bapa, na ndani yake zimo ofisi. Limesimama mbele ya ukumbi mkubwa wa kazi kama uso mbele ya mwili. Matofali ni ya manjano. Chini kabisa kuna kitako cha matofali meusi chenye kimo cha kama sentimita 40, ambacho kwa mbali hugeuka kivuli, na jengo lote likaonekana halijagusa ardhi vizuri.

Kati ya nguzo na nguzo kuna kioo kutoka chini mpaka juu, kikipita ghorofa zote tatu bila kukatwa na ukuta; mahali sakafu zilipo, mabamba ya chuma yameshika nafasi ya vioo, yakiwa ndani ya fremu zilezile nyembamba. Hila kubwa iko kwenye nguzo. Zinalala nyuma kidogo kadiri zinavyopanda, huku kioo kikipanda wima kabisa. Chini, nguzo na kioo viko karibu sawa. Juu, kioo kimetokeza mbele na nguzo imerudi. Jicho linaelewa haraka kabla akili haijapiga hesabu: kinachobeba kimejificha, na kinachoonekana hakibebi kitu. Ukuta umekuwa pazia.

Ukitaka kuona Gropius alikuwa anabishana na nani, weka pembeni picha ya jumba la mitambo la AEG, kampuni ya umeme, mjini Berlin, kazi ya Peter Behrens ya 1909, ambayo kijana huyu aliishuhudia akiwa ofisini kwake. Pale kioo ndicho kinacholala ndani na nguzo za chuma zimesimama wima, na kwenye kona Behrens aliweka minara mizito ya zege yenye mistari mithili ya mawe ya ngome. Minara hiyo haibebi paa. Imewekwa ili macho yaridhike kwamba jengo ni imara. Alfeld kila kitu kimepinduliwa. Nguzo zinalala, kioo kimesimama, na kona, mahali ambapo kila mjenzi tangu enzi za mawe ameongeza uzito, pameachwa patupu: vioo viwili vinakutana kwenye fremu nyembamba, na sakafu nyuma yao imeshikwa na nguzo zilizorudi ndani. Ni jibu la mwanafunzi kwa mwalimu wake, na halina adabu nyingi.

Kuhusu ujasiri huo, sifa zimezidi kidogo. Watu husoma kwamba hili ni jengo la fremu ya chuma lililovishwa kioo, ndugu wa minara ya miji ya leo. Sivyo. Ni jengo la nguzo za matofali kwa sehemu kubwa, la kawaida kuliko linavyojitangaza. Vilevile halikuja lote mara moja. Sehemu ya kwanza ilikamilika 1911, na iliutazama mstari wa reli. Kufikia 1914 jengo lilipanuliwa, na upande wa lango unaojaa kwenye picha maarufu ni wa upanuzi huo. Kwa hiyo tarehe ya 1911 chini ya kila picha ni ya uvivu. Naona hilo si doa. Linaonyesha kuwa wazo lilijaribiwa kwanza mbele ya abiria, likapendwa na mwenye fedha, ndipo likarudiwa kwa uhodari zaidi.

Majengo mengine hayatajwi sana, nayo ndiyo yanayoeleza kiwanda. Jina lenyewe lilitoka kwenye mti: Fagus ni jina la kitaalamu la mti wa misitu ya Ulaya ambao Wajerumani huuita Buche, mgumu, wenye nyuzi za karibukaribu, usiopasuka ovyo chini ya misumari. Mti mbichi hauwezi kuwa kalibu. Utajikunja ukikauka, na kiatu kitajikunja nao. Kwa hiyo magogo yalipasuliwa kwanza kwenye jengo la msumeno, vipande vikapangwa kwenye ghala refu lenye ghorofa kadhaa, vikapita kwenye nyumba ya kukaushia, ndipo vikaingia ukumbini kwenye makerezo. Kulikuwa pia na idara ya visu vya kukatia ngozi, uhunzi, nyumba ya injini na bomba lake la moshi. Jumla ni majengo kumi, na mfuatano wake ni mfuatano wa mti kutoka gogo mpaka mzigo ulio tayari kwa treni. Huo ni mkono wa Werner. Gropius na Meyer walichofanya, na hapa nawapa sifa bila kusita, ni kuyavisha yote matofali yaleyale na kitako kilekile cheusi, ghala kwa ofisi, bila kulibagua jengo la jasho na jengo la kalamu. Kiwanda cha Northampton chenye jumba mbele na ghala nyuma kilikomeshwa hapo.

Ghala ndilo linalonishawishi zaidi kuwa wabunifu hawa hawakuwa washabiki wa kioo tu. Mti unaokauka hauhitaji jua la dirishani, kwa hiyo kuta zake zimefungwa, matundu ni machache na madogo. Mahali pa watu panajaa mwanga, mahali pa mti panakaa giza. Ukumbi wa kazi, ambao ni wa ghorofa moja, unapata mwanga wake kupitia paa.

Vita vya 1914 vilikatiza kila kitu. Gropius alikwenda mstari wa mbele, na kazi iliyobaki ilisubiri. Baada ya vita alipewa kuongoza shule ya sanaa na usanifu ya Weimar, iliyoitwa Bauhaus, mwaka 1919, na Fagus iliendelea kuwa mteja wake: nyongeza ndogondogo, samani na umaliziaji wa ndani viliendelea mpaka 1925. Benscheidt na mwanawe Karl walielewa kitu ambacho matajiri wengi hawakielewi, kwamba jengo zuri halitangazwi na tangazo baya. Matangazo na karatasi za kampuni zilichorwa na watu kama Johannes Molzahn na Herbert Bayer, na mwaka 1928 Albert Renger-Patzsch akaja kupiga picha za majengo na za kalibu zenyewe, zimepangwa safu kwa safu. Picha zile ziliifikisha Alfeld mahali ambapo treni haifiki. Unaweza kusema nusu ya umaarufu wa jengo hili ulitengenezwa na kamera, na sitakupinga.

Mwaka 1926 Bauhaus ilihamia jengo lake jipya Dessau, lenye ukuta wa kioo wa karakana unaoning'inia kwenye ghorofa zote. Safari hii zege ilikuwa zege na pazia lilikuwa pazia kweli. Yaliyoigizwa Alfeld kwa matofali yalitimizwa Dessau kwa uhandisi. Lakini Dessau ilifungwa na siasa ndani ya miaka michache, ikapigwa na vita, ikatumiwa kwa hili na lile, ikajengwa upya. Alfeld iliendelea kukereza kalibu.

Hapa ndipo kisa kinapogeuka kutoka usanifu kwenda urithi. Mwaka 1946, Ujerumani ikiwa kifusi, Fagus iliwekwa chini ya ulinzi wa sheria kama jengo la kumbukumbu. Ilikuwa na umri wa miaka 35 tu, na ndani yake watu walikuwa kazini. Ni mapema mno kwa kiwanda kuheshimiwa hivyo. Viwanda vya enzi ya Victoria kule Uingereza vilisubiri zaidi, na vingi vilibomolewa au vikageuzwa nyumba za kupangisha kabla mtu hajauliza swali. Ulinzi ulifika mapema, lakini ulinzi wa karatasi hauzibi paa linalovuja.

Tatizo la Fagus limo ndani ya uzuri wake. Kioo cha tabaka moja kwenye fremu nyembamba ya chuma ni jambo la kupendeza kutazama na la gharama kulikalia. Wakati wa baridi joto la ofisi linatoroka, unyevu unaganda ndani ya kioo na kuteremka kwenye fremu, fremu inashika kutu, kutu inavimba, kioo kinapasuka. Wakati wa kiangazi jua linaingia bila kubisha hodi. Mwenye kiwanda anayehesabu gharama angezibadilisha fremu zile kwa nene zenye vioo viwili, na jengo lingekuwa na joto zuri na sura ya hospitali yoyote ya wilaya. Wembamba wa mistari ile ndio jengo. Ukiunenepesha kwa sentimita chache, hoja yote ya Gropius inakufa na hakuna atakayejua kwa nini.

Ukarabati mkubwa ulifanyika kati ya 1985 na 2001. Miaka kumi na sita si uzembe. Ni kasi ya mahali ambapo kazi haiwezi kusimama na fedha haziji kwa mkupuo. Wakarabati wa majumba yaliyokufa wana raha: wanafunga geti, wanaweka jukwaa, wanamaliza. Hapa mafundi wa madirisha walipaswa kupishana na makarani na wakerezaji. Kila aliyewahi kukarabati nyumba huku watu wanaishi ndani anajua maana yake.

Kumbe usumbufu huohuo ndio dawa. Jengo linalotumika lina mtu anayekasirika dari likivuja. Wamiliki wa Fagus hawakulitunza kwa sababu profesa fulani alilisifu. Walilitunza kwa sababu kesho saa moja asubuhi kuna watu wanaingia humo kazini. Na walipoona kalibu peke yake hazitoshi, kampuni ilitafuta kazi nyingine inayolingana na ujuzi wake wa mti: leo inaitwa Fagus-GreCon, na inatengeneza pia vifaa vya kupima na vya kunasa cheche kabla hazijawasha moto kwenye viwanda vya mbao. Viwanda vya mbao vimejaa vumbi linaloshika moto upesi, na waliokaa na machujo ya mti tangu 1911 walilijua hilo bila kufundishwa. Kalibu bado zinatengenezwa, ila mti umeipisha plastiki kwa sehemu kubwa, kwa sababu plastiki haijui unyevu. Jina la mti limebaki kwenye geti.

Tarehe 25 Juni 2011, katika kikao cha Paris, UNESCO iliiandika Fagus kwenye orodha yake, mwaka wa mia moja tangu kampuni kuanzishwa. Sababu zilizotolewa ni mbili: kwamba jengo hili lilikuwa njia panda ya mawazo ya usanifu na viwanda kutoka pande mbalimbali, na kwamba ni mfano wa hatua muhimu katika historia ya ujenzi. Sababu ya kwanza naipenda zaidi, kwa kuwa ndani yake wamo Wamarekani na mashine zao, na kwa mbali yumo Matzeliger pia. Ila hakuna orodha inayoweza kuandika sababu ya tatu, kwamba mzee mmoja aligombana na mrithi wa tajiri wake akataka kila abiria alijue hilo.

Je, mpango kama huu unaweza kuigwa? Watu wa urithi hupenda kuitaja Fagus kama somo la "kiwanda hai", na mimi nina wasiwasi na somo hilo. Mambo matatu yalikutana hapa ambayo mara chache hukutana: bidhaa ndogo isiyohitaji kiwanda kupanuka mpaka kikameza majengo yake, wamiliki waliokaa mji uleule kizazi kwa kizazi, na mji usio na bei ya ardhi ya kumshawishi mtu abomoe. Kiwanda cha viatu katikati ya jiji kubwa, chenye wanahisa wasiokijua, hakiwezi kuambiwa tu "endelea kufanya kazi". Huko nyumba za kupangisha huenda zikawa wokovu wa haki kabisa, mradi madirisha yaachwe kama yalivyo.

Anayefika Alfeld siku hizi hupelekwa kwanza kwenye kona ya kioo, akapiga picha, akageuka. Ningemshauri aanzie ghalani. Pale ambapo mbao zilikaa zikingoja kukauka sasa pamewekwa maonyesho kwenye ghorofa zote, yenye habari za mti, miguu, viatu na kiwanda. Kisha apite uani afuate njia ya gogo, msumeno, ukaushaji, ukumbi, na ofisi aiache iwe ya mwisho. Akifanya hivyo atakuwa ameitembea ramani ya Werner kwa mpangilio wake, na atakapofika kwenye kioo atajua kinaangalia nini ng'ambo ya reli.